Sanduku la marehemu baba: nichukue, tuuze, au nisafishe kwanza?

*"Shikamoo. Baba yangu alifariki mwaka jana huko Pangani akiwa na miaka 71, na kazi yake ilikuwa uvuvi tangu ujana. Ametuachia sanduku la mbao lenye mishipi, ndoana za kila namba, chubwi za kuzamishia mshipi, sindano ya mti ya kushonea nyavu, na rili moja nyeusi ya kizungu, ya kuzungushia mshipi, imeandikwa Penn, ambayo alipewa alipokuwa akifanya kazi kwenye boti ya watalii. Kuna pia wavu wa zamani wa uzi wa pamba, rangi ya kahawia, na madema mawili, ile mitego ya samaki ya kusuka, yametundikwa ukutani kwa mama. Mshipi mmoja una vifundo vya uzi mwekundu hapa na pale, sijui vya nini. Kaka zangu wawili wanataka vitu viuzwe tugawane. Mkubwa anasema hiyo rili peke yake ni mamilioni. Mimi naishi Dodoma, nataka nivichukue, niviloweke kwenye jiki na ndimu kutu na uchafu utoke, nivipake mafuta ya nazi, niviweke sebuleni. Mama hasemi kitu. Watu wananiambia nang'ang'ania takataka, na kwamba vyombo vya marehemu ama vitumike ama vitoke nyumbani. Je, nakosea? Na nivitunzeje?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Mwaka mmoja kwa mtu aliyefiwa na mzazi ni kama juzi.

Naona umefunga maswali mawili kwenye fundo moja. Lipo la utunzaji, ambalo mimi kama mhifadhi wa vifaa vya kale ndilo nililolisomea. Na lipo lile uliloligusa kwa haya kidogo: kama mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kushikilia ndoana zenye kutu wakati ndugu zake wanataka fedha. Nitayajibu yote mawili. Ila kwanza jiki na ndimu zirudishe jikoni. Usiloweke kitu, usifungue fundo, usizungushe upya mshipi wowote mpaka tumalizane.

Nianze na vile vifundo vyekundu, maana ndivyo vilivyonifanya nikuandikie kwa urefu. Mvuvi wa mshipi wa mkono huweka alama ili ajue chubwi imefika wapi. Kipimo chake ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takribani mita 1.8. Usiku kwenye ngalawa huoni kitu, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyohesabu: kifundo kimepita, kingine kimepita, sasa simama. Changu na chewa hukaa karibu na mwamba. Chubwi ikigusa chini, mvuvi huivuta juu kidogo ili ndoana isinase, na akishakijua kina cha mahali pale hashushi tena kwa kubahatisha.

Kama vifundo vya baba yako vimepangwa kwa umbali ulio sawa, basi huo ni mshipi wenye vipimo vya kawaida. Lakini umeandika "hapa na pale". Kama kweli havilingani, inawezekana kila kimoja ni kina cha mwamba fulani alioupenda, na huo mshipi ndio uliokuwa daftari lake. Sasa fikiria ungeulowekea jiki, ukafungua vifundo ili ukae vizuri sebuleni.

Fanya hivi. Tandika mkeka safi, unyooshe mshipi polepole, na anza kupima kutoka kwenye chubwi hadi kifundo cha kwanza, kisha cha pili, mpaka mwisho. Andika vipimo. Piga picha kila kifundo, na futi ya kupimia ionekane pembeni. Ukimaliza, uchukue mshipi wenyewe uende nao kwa mtu aliyevua na baba yako. Usianze kwa kumuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, utapewa maneno ya matangani: alikuwa mpole, alipenda watu. Mwekee mshipi mkononi, umwache aupapase, ndipo umuulize: hiki cha nini? Alikuwa akishukia wapi? Alilinganisha nini na nini huko bara ili ajue amefika? Maana wavuvi wetu hushika mahali baharini kwa kupanga alama mbili za nchi kavu, pengine mnazi mrefu na mnara wa msikiti, na alama hizo hazimo kwenye sanduku lako. Zimo kichwani mwa wenzake. Ukimpata mzee wa kutosha, muulize na habari za Maziwe, alivyokikuta kile kisiwa kingali na miti na kasa wakipanda kutaga. Miti yote ilikwisha kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo ni fungu la mchanga ndani ya hifadhi. Kijana wa leo wa Pangani hajapata kuona kivuli pale.

Hilo ndilo jambo kubwa nililonalo kwako kuliko yote yatakayofuata. Vifaa ni nusu tu ya ulichoachiwa. Nusu ya pili wanayo watu wa rika la baba, na kutu ina subira kuliko wao. Ndoana inaweza kukungoja miezi sita mingine. Mzee wa miaka 75 usimwekee miadi ya mbali.

Sasa, je, unang'ang'ania takataka? Hapana, lakini nao wanaokwambia hivyo hawajakosea kila kitu.

Kifaa cha kazi kinachoshikwa na mkono mmoja miaka thelathini hubadilishwa na mkono huo. Itazame ile sindano ya kushonea nyavu karibu na dirisha. Ninavyozijua sindano za namna hiyo, utaona upande mmoja mti umelika na kung'aa zaidi, pale kidole gumba kilipokaa, na karibu na ncha kuna mfereji mwembamba uliochimbwa na uzi. Hakuna fundi atakayekuuzia mng'ao huo. Ndiyo maana ukiishika unahisi jambo ambalo huhisi kwa sindano mpya, na wala si ujinga. Harufu nayo ina nguvu yake, maana njia ya harufu ndani ya ubongo inapita jirani kabisa na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Sanduku la mvuvi wa pwani mara nyingi linanukia sifa, yale mafuta ya maini ya papa ya kupakia vyombo, yamechanganyika na chumvi na chambo cha zamani. Mgeni atakunja pua. Wewe utamwona baba. Jiki ikishapita hapo, hakuna wa kukurudishia.

Lakini si kila kilichomo sandukuni kimembeba baba kwa uzito uleule. Pakiti ya ndoana ambayo hakuifungua ni akiba ya dukani tu. Yaelekea zimeandikwa Mustad, kampuni ya Norway inayotengeneza ndoana tangu karne ya 19, na za namna hiyo zinauzwa hata leo. Mpe kijana anayeanza kuvua, akupigie simu siku akipata nguru. Hapo ule usemi kwamba vyombo vya marehemu vitumike unakuwa na maana nzuri. Kuna watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2017. Waliwahimiza wanafunzi wa mabweni ya chuo kikuu wapige picha vitu vyao vya kumbukumbu kabla ya kuamua vya kutoa, na mabweni yaliyohimizwa hivyo yakatoa vitu vingi zaidi kuliko yaliyoombwa kutoa tu. Kilichokuwa kikiwazuia watu, inaonekana, ni hofu ya kupoteza kumbukumbu kuliko kukipenda kitu chenyewe. Kwa hiyo kamera yako iende mbele ya kila uamuzi.

Usemi huohuo una sehemu yenye hatari. Mishipi ya nailoni ya zamani isirudi baharini. Nailoni ni minyororo mirefu ya molekuli, na mionzi ya jua huikata kidogo kidogo kwa miaka. Kwa macho utaona uzi umefifia na kuwa kama una vumbi la chaki, na ukiukunja kwa nguvu huacha mstari mweupe au hukatika. Utadhani mzima mpaka siku samaki mkubwa aushike. Ukikatikia mwambani, kipande kinabaki kinanasa viumbe bila mwenyewe. Mishipi hiyo ni ya kutunzwa au kutupwa nchi kavu.

Tuje kwenye wavu wa kahawia, ambao nadhani hamjui mlicho nacho. Ile kahawia si uchafu. Nyavu za pamba zilikuwa zikichemshiwa magome ya mkoko, hasa mkandaa, kwa sababu magome hayo yana tanini, na tanini huwachelewesha bakteria na kuvu wanaokula nyuzi za mimea. Wavu wa pamba usiotiwa dawa hiyo huoza upesi sana. Ukiona madoa meusi karibu na mahali chuma kilipogusa wavu, hiyo ni tanini iliyokutana na kutu, na ndivyo watu walivyotengeneza wino zamani. Jiki ingekula rangi, kisha ingekula pamba yenyewe, na kesho yake ungetoa kwenye beseni kitu cheupe kinachochanika kama mkate uliolowa.

Kuna na hesabu ya miaka. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, na nyavu zake zilienea duniani hasa miaka ya 1950 na 1960. Baba yako alizaliwa katikati ya miaka ya 1950. Alipoanza kuvua, pamba ilikuwa inaondoka au imekwisha kuondoka. Inawezekana kabisa wavu huo hakuununua yeye, ameurithi kwa babu yako akaufungia kama unavyotaka kuufungia wewe. Waulize wazee wa ukoo. Kama ni hivyo, wewe ni wa tatu kuushika, na mazungumzo yako na kaka zako yatabadilika.

Usiutundike kwenye msumari. Uzito wake wenyewe utaukata. Ukung'ute kwa brashi laini mahali pasipo na upepo, uulaze juu ya shuka safi la pamba, kisha uuzungushe pamoja na shuka kwenye bomba nene la karatasi au plastiki, usiukunje mara kwa mara mahali palepale. Panya na mende wanaupenda kwa sababu ya mabaki ya samaki, kwa hiyo uwekwe juu, mahali unapoweza kuukagua. Vitu vidogo unavyovitilia shaka ya wadudu, vya uzi au mti, vifunge ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa uviweke kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu uviache virudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Makumbusho nyingi zinatumia njia hiyo. Dema haliingii kwenye friza, nalo nitalifikia.

Kutu. Watu wengi wanadhani kutu ni uchafu uliokaa juu ya chuma, ukiusugua umemaliza. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Yakikauka juu ya ndoana chumvi inabaki, na chumvi hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata sandukuni, mbali na bahari, ndoana inatoka jasho. Unyevu huo wenye chumvi hupitisha umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, chuma kinaliwa, na kloridi, yaani sehemu ya chumvi hiyo, inajichimbia chini ya kutu ambako kitambaa chako hakifiki. Ndiyo maana kitu ulichokisugua kikang'aa Januari kina kutu tena Machi. Ndimu inaongeza balaa: asidi yake inaondoa kutu, inaondoa na ile ngozi ya bati iliyopakwa kiwandani, na ikibaki kwenye vitobo inaendelea kula.

Vipande vya chuma vilivyo peke yake, ambavyo havijafungwa kwenye uzi wowote, vioshe kwa maji ya mvua au maji yasiyo na chumvi. Badilisha maji mara tatu au nne ndani ya siku moja, usivilaze humo siku nzima nzima. Vikaushe hapohapo kwa kitambaa na jua, kisha upake mafuta mepesi ya mashine au nta ya nyuki, safu nyembamba. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele. Yanachacha, yanashika vumbi, na yakishachacha asidi zake huifanya shaba kuwa ya kijani. Ndoana zilizofungwa na baba kwenye mshipi usiziguse na maji kabisa. Lile fundo ni kazi ya mkono wake, na fundo lina thamani kuliko ndoana safi. Zifute kavu, zilaze kwenye karatasi, basi.

Chubwi ndizo zinazonitia wasiwasi. Kama za baba yako ni za risasi, na wengi huzitengeneza kwa risasi, zitazame kama zina unga mweupe. Mbao ndani ya sanduku lililofungwa hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo, na risasi huathirika nao ikaota unga huo. Unga huo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, watoto wakiumia zaidi. Usipulize wala usifagie. Vaa glavu, futa kwa kitambaa kibichi ukitupe, weka chubwi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko mbali na mbao na mbali na watoto, unawe kwa sabuni. Na yeyote nyumbani atakayesema aziyeyushe jikoni atengeneze nyingine, mkatazeni. Kama kuna mtoto aliyekuwa akizichezea au kuzitia mdomoni, apelekwe hospitali na mumweleze daktari wazi kwamba ni risasi, maana dalili zake, tumbo na uchovu na hasira, zinafanana na magonjwa mengi. Moja inayokugusa moyo unaweza kuiweka kwenye chupa ya kioo iliyofungwa. Na kama ni za mawe au plagi za magari, ambazo nazo wavuvi hutumia, hayo yote hayakuhusu.

Madema ni habari nyingine. Umezaliwa Pangani unaishi Dodoma, kwa hiyo tofauti ya hewa unaijua kwenye midomo yako mwenyewe. Mianzi iliyozoea unyevu wa pwani ikipelekwa kwenye ukavu wa Dodoma hupoteza maji, husinyaa, na hupasuka pale inapobanwa na kamba. Wewe ungedhani umeliokoa dema, kumbe umelipasua. Na kwa nini umwondolee mama kitu kilichotundikwa ukutani kwake? Ushauri wangu ni yabaki Pangani, yashushwe mahali mvua inapopiga, yakungutwe vumbi. Ukiona unga laini sakafuni chini yake kila asubuhi, humo mna wadudu walio hai, na umwite msukaji wa madema alitazame. Msukaji huyohuyo mlipe akusukie dogo la sebuleni kwa kuliangalia la baba. Wasukaji wazuri wanapungua, na fedha yako itafanya kazi pale kuliko kwenye fremu ya kioo.

Sasa rili, ugomvi wenyewe. Penn ni kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, na rili zake kubwa za baharini, zile za jina la Senator zilizoanza 1936, zilitengenezwa kwa wingi mno na kusambaa kila mahali palipokuwa na uvuvi wa watalii, pwani yetu ikiwemo. Wapo wakusanyaji wanaolipa vizuri, lakini wanalipia modeli adimu, boksi lake la asili, na nikeli au kromi isiyoguswa. Rili iliyofanya kazi miaka mingi kwenye chumvi haifiki huko. Kaka mkubwa hajadanganya, ameona bei mtandaoni ambayo muuzaji ameiomba, na bei ya kuombwa si bei ya kulipwa. Pigeni picha namba zilizochongwa ubavuni, skrubu, na mkono wa kuzungushia, mwatumie wanunuzi wawili tofauti kabla mtu hajaanza kuhesabu mamilioni. Mkiisugua kwa ndimu mtakuwa mmeshusha hata hiyo bei iliyopo, maana ngozi ya kromi ni nyembamba.

Jambo moja lifanywe mapema: toeni ule mshipi wa nailoni uliobaki kwenye rili. Nailoni iliyozungushwa ikiwa imevutika hubana kwa nguvu kuelekea ndani, mzunguko juu ya mzunguko, na kwa miaka mingi inaweza kulipasua gurudumu lenyewe. Uvuteni kwa mkono, taratibu. Skrubu zikikataa msilazimishe, na msimpelekee fundi wa baiskeli. Tafuteni fundi wa boti za uvuvi wa kitalii, ambaye amezizoea.

Kuhusu haki, kabla ya nani achukue nini, hakikisheni kwanza kwamba kila kitu ni cha marehemu. Kwenye uvuvi wetu mara nyingi chombo na nyavu ni vya tajiri, wavuvi wanagawana samaki baada ya kutoa fungu la chombo. Kitu cha tajiri kilichokutwa nyumbani kwa marehemu hakiwi urithi. Deni nalo hulipwa kwanza. Baada ya hapo, kama familia inafuata mirathi ya Kiislamu, na warithi ni mama na nyinyi watatu tu, mali ikigawanywa mafungu 40 mama anapata matano, kila kaka 14, wewe saba. Kwa sanduku la uvuvi hesabu hiyo inatisha kuliko thamani yenyewe. Njia ya amani ni kukadiria bei ya vitu vyote kwa uwazi, nawe uchukue unavyovitaka kama sehemu ya fungu lako, wenzako wakiridhika kwa hiari. Iandikeni. Wanaotaka fedha za rili waachieni rili. Ungeniuliza mimi, ningeichukua ile sindano ya mti na mshipi wenye vifundo, nikaitoa rili bila kinyongo: rili aliishika miaka ya boti ya watalii, sindano ameishika maisha yake yote. Lakini hilo ni lako. Na mkishindwa kuelewana, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo au shehe anayejua mirathi atawasaidia kuliko mimi.

Wavu nao, kama mtamwachia mtu akautumie, apite kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinakataza baadhi ya zana, nyavu za kukokota hadi ufukweni zikiwemo, na zana iliyokuwa ya kawaida kwa babu inaweza kumpeleka mjukuu polisi.

Huenda mtu akakushauri upeleke vyote makumbusho. Si wazo baya, lakini makumbusho hupenda kitu chenye maelezo: cha nani, kilivua nini, wapi, mwaka gani. Mshipi usio na habari ni uzi tu hata ndani ya kabati la kioo. Nao ukuta wa makumbusho si ahadi: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Zanzibar lililokuwa na mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba) uliojengwa upya kwa namna ya kale, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo yale maelezo utakayoyapata kwa wazee yaandike nakala mbili, moja ikae kwako, moja Pangani.

Nimemwacha mama mwishoni kwa makusudi, maana "mama hasemi kitu" ndiyo sentensi fupi kuliko zote kwenye barua yako. Pengine amechoka na msiba na hataki ugomvi wa watoto juu yake. Pengine yeye ndiye aliyekuwa akifua nguo zenye harufu ile kila siku na anaona afadhali vitoke, au hataki viondoke hata kimoja na anaogopa kusema mbele ya wanawe wa kiume. Usimuulize kikaoni. Kaa naye jikoni mkiwa wawili, umwombe akueleze kimoja kimoja kilipatikana vipi. Usimtajie kugawana. Akikuonyesha alichokipenda, hicho hakiuzwi wala hakiendi Dodoma, na kaka zako uwaambie hivyo wewe.

Na wewe mwenyewe, dada yangu: kutaka sindano ya baba ni jambo la kawaida kabisa. Lakini kama mwaka umepita na bado hulali, kazi imekushinda, au unashindwa hata kulisogeza sanduku hatua moja kwa uchungu, hapo tatizo si la vifaa. Nenda hospitali ya mkoa uulize huduma ya ushauri nasaha, au anza na mtu wa dini unayemwamini.

Ukienda Pangani, uliza kwanza siku ambazo wazee wako hawaendi baharini, ndipo utawakuta nyumbani. Chukua daftari, futi, simu yenye nafasi ya picha, glavu na vyombo viwili vya plastiki vyenye mifuniko. Chubwi zenye unga mweupe zisipande basi la kurudi pamoja na samaki utakaofungiwa na mama.